Mafaili ya Skuli, Akaunti za Watu

Ukitaka kuuona mtihani wa muhula wa skuli fulani kabla wanafunzi hawajaufanya, usihangaike kwenda skuli. Nenda steshenari iliyo jirani nayo, ukae kwenye ile kompyuta ya mbele yenye kibodi iliyofutika herufi, uangalie folda ya vitu vilivyoshushwa. Utaikuta Jiografia ya Kidato cha Tatu, Hisabati ya Darasa la Tano, barua ya mtu anayeomba likizo ya uzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu mwingine na kadi ya harusi ya Ijumaa iliyopita. Hakuna aliyeiba kitu. Mwalimu alikuja mbio mbio, printa ya skuli haina wino, kijana wa dukani akamwambia, "Maalim, nirushie kwenye WhatsApp hii hapa nikutolee," naye akarusha. Karatasi zikatoka, akalipa, akaondoka. Mtihani ukabaki: nakala moja kwenye simu ya duka, nyingine kwenye kompyuta ya duka, ya tatu kwenye simu ya mwalimu mwenyewe, katikati ya salamu za Ijumaa na video za mpira.

Wanaofanya hivyo si walimu peke yao, ni sisi sote. Ila skuli haifanani na mtu anayechapisha kadi ya harusi. Skuli ina siri za kutunza, yaani mitihani na taarifa za watoto, na ina kumbukumbu zinazotakiwa ziishi miaka mingi kuliko mtu yeyote aliyeajiriwa pale. Vyote viwili tumeviweka mifukoni mwa watu.

Tukizungumza habari za teknolojia katika skuli za Unguja na Pemba, mazungumzo huangukia vifaa: kompyuta ngapi zimeletwa, maabara imefunguliwa na nani, utepe umekatwa lini. Baada ya vifaa huja semina za zana za bure. Zana zenyewe zipo tele, na nyingi ni nzuri kweli. Google Docs ya kuandikia mtandaoni haidai senti. Canva, ya kubunia mabango na kadi, ina toleo la elimu ambalo mwalimu wa msingi au sekondari hulipata bure. LibreOffice, iliyoanzishwa 2010, inafanya karibu kila kitu ambacho mwalimu anakifanya kwenye ile Office ya kukreki aliyowekewa na fundi pamoja na virusi vyake. Kolibri hukaa kwenye kompyuta moja na kuzigawia nyingine masomo bila bando. Kiwix hubeba Wikipedia ndani ya diski. Mwalimu wa Makangale leo anafungua zana ile ile anayofungua mwalimu wa Helsinki, na hilo si jambo dogo.

Lakini sijapata kusikia semina inayoanza na swali la msingi: faili hili likishatengenezwa, ni la nani, na mwakani litatafutwa wapi?

Wazee wetu waliofanya kazi serikalini walikuwa na jibu, nalo liliitwa masjala. Barua ikifika hupigwa muhuri wa tarehe, huandikwa kwenye rejista, hupewa namba, hutiwa ndani ya jalada lenye namba yake. Jalada halitoki mpaka aliyelichukua aandikwe. Karani wa masjala hakuwa mtu mkubwa ofisini, lakini mkurugenzi mwenyewe alikuwa akimwogopa kidogo. Matunda ya utaratibu wa namna ile bado yapo Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, ambako mtafiti huagiza kwa herufi na namba akaletewa barua ya konseli wa Kiingereza wa karne ya 19. Waliopokea barua ile, waliojibu na walioiweka wote ni marehemu. Barua inapatikana kwa sababu haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya ofisi.

Halafu ikaja kompyuta, tukaona masjala ni mambo ya kizamani. Tazama sasa kompyuta ya ofisi ya taaluma katika skuli ya kawaida. Uso wake umejaa mafaili mpaka picha ya nyuma haionekani: "mtihani", "mtihani mpya", "MTIHANI FORM 2 FINAL", "FINAL FINAL", "Document1", "ya bi mkubwa usifute". Aliyeyapa majina yale anayaelewa, leo. Muulize baada ya mwaka.

Tatizo hilo la majina ndilo jepesi kuliko yote, kwa hiyo nilimalize hapa. Kompyuta hupanga majina herufi kwa herufi. Tarehe ikianza na siku, faili la tarehe 3 Novemba litakaa ubavuni mwa la tarehe 3 Machi. Ikianza na mwaka, ukafuata mwezi kwa tarakimu mbili, kila kitu hujipanga chenyewe: 2025-03-14, kisha darasa, somo, na aina ya faili. Skuli ikubaliane mpangilio mmoja, ubandikwe ukutani juu ya kompyuta, na neno "final" lipigwe marufuku. Haihitaji mtaalamu kutoka mjini.

Zito zaidi ni la akaunti. Katika skuli nyingi, ukifuatilia utakuta ratiba, orodha za wanafunzi, matokeo ya mitihani ya ndani na barua za wilaya vyote vimo kwenye barua pepe binafsi ya mwalimu mmoja, mara nyingi kijana, mara nyingi wa taaluma, aliyeonekana "anajua kompyuta". Alifungua folda, akawashirikisha wenzake, kazi ikaenda vizuri. Kisha ikaja barua ya uhamisho: kutoka Micheweni anakwenda Makunduchi. Anaagwa, anapanda boti Mkoani, na masjala ya skuli inapanda naye.

Hana ubaya wowote. Utaratibu wa akaunti za bure ndivyo ulivyo. Faili alilolitengeneza mtu kwenye akaunti yake ya Google hubaki mali ya akaunti hiyo hata kama ameshirikisha walimu ishirini. Siku akisafisha akaunti ili apate nafasi, akafuta asichokihitaji tena kule Makunduchi, Micheweni wanaamka folda haina kitu. Na kusafisha atasafisha tu, kwa sababu nafasi itamwishia. Akaunti ya bure ina gigabaiti 15, na humo hukaa barua pepe, mafaili na picha kwa pamoja. Tangu Juni 2021 kila picha mpya inayohifadhiwa huhesabiwa. Kuanzia mwisho wa 2023 ikaja zamu ya nakala rudufu za WhatsApp za simu za Android, ambazo zamani zilikuwa hazihesabiwi. Kwa hiyo harusi ya binamu yake mwalimu na daftari la alama za Kidato cha Kwanza vinagombania chumba kimoja, na harusi ndiyo inayoshinda. Chumba kikijaa, barua pepe mpya haziingii. Ofisi ya wilaya imetuma, skuli inaapa haijapata, na wote wawili wanasema kweli.

Kichekesho ni kwamba mafaili ya skuli yenyewe ni mepesi mno. Mtihani wa kurasa nne uliochapwa bila picha huwa chini ya kilobaiti 100. Gigabaiti 15 zingebeba mitihani 150,000 ya namna hiyo, yaani skuli ingechapa mpaka wajukuu wa wanafunzi wa leo wamalize Kidato cha Nne. Kinachojaza ni ule mtindo wa kupiga picha kila karatasi kwa simu, megabaiti 3 au 4 kwa ukurasa, badala ya kuichapa au angalau kuiskani kwa programu inayoibana. Na hizo programu za kuskani nazo zichaguliwe kwa macho mawili. Mwaka 2019 watafiti wa Kaspersky waligundua kuwa CamScanner ya Android, iliyokuwa kwenye simu za watu mamilioni, ilikuwa imebeba ndani yake kipande cha programu hasidi kilichoingia kwa njia ya matangazo. Ikaondolewa kwenye duka la Google mpaka ilipotengenezwa. Zipo pia zile tovuti za kugeuza faili kuwa PDF bure. Mwalimu anapakia mtihani wake kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, ili abadilishiwe kitu ambacho Word na LibreOffice zinabadilisha zenyewe kwa kubonyeza mara mbili.

Kuna sharti jingine la bure ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Mwalimu aliyestaafu au aliyefariki hafungui tena akaunti yake. Akaunti za taasisi, zikiwemo za skuli, hazihusiki na sharti hilo.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na bure. Serikali haiwezi kununulia kila skuli leseni, na wala haihitaji. Ninachosema ni kwamba anayekupa bure hajakuahidi kwamba atakuwepo. Edmodo, jukwaa la masomo la mtandaoni, ilianzishwa 2008, ikapendwa na walimu duniani kote. Skuli zilipofungwa kwa korona 2020, Misri iliichagua kuwa darasa la mtandaoni la nchi nzima. Tarehe 22 Septemba 2022 ikazimwa. Jamboard, ubao wa mtandaoni wa Google ambao semina nyingi ziliusifia, ulifikia mwisho wake Desemba 2024. Walioweka kazi zao humo walipewa muda wa kuzitoa. Aliyekuwa hasomi barua pepe zake kwa sababu akaunti imejaa, shauri yake. Kwa hiyo kipimo changu cha zana ya bure ni kimoja kabla ya rangi na mbwembwe zote: je, kazi yangu naweza kuitoa humo ikiwa faili la kawaida nikaiweka kwenye diski yangu? Kama haitoki, itumike kwa mchezo wa darasani, lakini daftari la alama lisikanyage.

Ipo njia ya kuhamisha masjala kutoka kwenye mfuko wa mtu, nayo pia ni bure kwa sehemu kubwa. Google huzipa skuli zinazokubaliwa toleo la elimu lenye terabaiti 100 za pamoja kwa taasisi nzima. Humo kuna folda za ushirika ambazo faili lake ni mali ya skuli, aliyelitengeneza akiondoka linabaki. Microsoft nao wana toleo lao la elimu. Sharti ni kwamba skuli iwe na anwani yake ya mtandao, na Tanzania ina mwisho wa anwani uliotengwa kwa ajili ya skuli, .sc.tz. Anwani ina ada ya kila mwaka, na kuiunganisha kunataka mtu anayejua. Skuli moja moja ya Wete au Mahonda kuhangaika na hayo peke yake ni kuitwisha mzigo usio wake. Wizara ingefanya mara moja, kwa skuli zote, pamoja na mamlaka ya serikali mtandao.

Wakati tunasubiri, akaunti moja ya bure yenye jina la skuli ni afadhali mara mia kuliko akaunti ya maalim fulani. Ila hapo kuna mtego niliouona zaidi ya skuli moja. Akaunti ilifunguliwa kwa jina la skuli, lakini namba ya simu ya kuthibitishia ni ya mwalimu mkuu wa zamani. Mtu akijaribu kuingia kwa kompyuta mpya, namba ya siri ya uthibitisho, ile tunayoiita kodi, inakwenda kwa mzee aliyestaafu, yuko shambani kwake Kengeja, simu imezimwa. Au laini yenyewe haikutumika muda mrefu, ikafungwa, namba ikapewa mtu mwingine kabisa, ambaye sasa anapokea kodi za masjala ya skuli na anadhani ni matapeli. Laini ya akaunti iwe ya skuli, isajiliwe hivyo, na ikae kwenye simu ya kitochi ndani ya kabati la ofisi.

Turudi kwenye karatasi, kwa kuwa skuli zetu bado zinaendeshwa kwa karatasi na zitaendelea hivyo muda mrefu. Mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo jaribio la mtandaoni la Google Forms linaishia kuwa maonyesho ya siku ya semina. Kazi halisi ni kuchapa na kutoa nakala, na hapo masomo ya Kiarabu na Dini ndiyo yanayoumia kuliko yote. Mwalimu anachapa mtihani wake wa Kiarabu usiku kucha kwenye laptopu yake, i'rabu zote, zile alama za juu na chini ya herufi, zimekaa mahali pake. Anafika steshenari, kompyuta ya pale haina fonti ile. Herufi zinaachana kama hazijuani, maswali yanaanzia kushoto, namba 1 imekwenda mwisho wa mstari. Kijana hajui Kiarabu, anabonyeza printi. Nimeziona karatasi za namna hiyo mikononi mwa watoto, wanazigeuza geuza. Mtihani ukihifadhiwa kwa PDF pamoja na fonti zake kabla ya kutoka nyumbani, hautageuka popote utakapofunguliwa. Hili moja tu lingefundishwa kwa walimu wote wa Kiarabu wa Unguja na Pemba, lingefaa kuliko semina tatu za Canva.

Na PDF hiyo isirushwe WhatsApp. Iende kwenye flashi, flashi maalumu ya kwendea steshenari isiyo na kitu kingine ndani, mwalimu asimame pale faili lifunguliwe kutoka kwenye flashi hiyo hiyo, karatasi zitoke, flashi ichomolewe. Itarudi na virusi, hilo halina shaka. Kile kirusi kinachoficha mafaili na kuacha njia za mkato za uongo kimezunguka visiwa hivi miaka mingi. Lakini flashi isiyo na kitu haiibiwi kitu. Ikifika skuli inafutwa yote. Mtu asinunue zile za terabaiti 2 zinazouzwa kwa bei ya nauli. Zimedanganywa ndani zionyeshe ukubwa zisiokuwa nao, na ukizijaza zinameza mafaili ya zamani kimya kimya.

Wapo wanaosema mambo ya flashi yamepitwa, kila kitu sasa ni wingu, yaani kuhifadhi mtandaoni. Hao nawakumbusha tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu kwa pamoja na intaneti ya Tanzania ikazorota siku kadhaa. Wenye umri wa kutosha Unguja wanakumbuka jambo kubwa zaidi: Desemba 2009 umeme unaotoka bara ulikatika, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Mwaka mmoja na nusu kabla yake ulikatika karibu mwezi mzima. (Pemba safari ile haikuguswa, ilikuwa bado ina majenereta yake ya Wesha, na Wapemba hawajaacha kuikumbusha.) Visiwa vinavyopata umeme na mtandao kwa nyaya za chini ya bahari havina haki ya kuweka nakala moja tu, mahali pamoja tu. Moja kwenye kompyuta ya ofisi, moja kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini, moja mtandaoni. Na matokeo ya mwisho wa mwaka yachapishwe, yatiwe jalada kama zamani. Karatasi haitaki bando.

Limebaki jambo la watoto wenyewe. Orodha ya darasa yenye majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi na namba yake ya simu inatengenezwa mtandaoni, inafunguliwa kwa "yeyote mwenye kiungo", kisha kiungo kinatiwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kuanzia hapo hakuna anayejua kimefika wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Mwanasheria atanikatiza hapa aseme kwamba kwa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na elimu ya skuli ni mojawapo. Sawa. Basi mwanya huo ni wetu, na ni juu ya Baraza la Wawakilishi kuuziba. Mzazi anayepigiwa simu na tapeli anayemtajia jina la mwanawe na darasa analosoma hatauliza kama ni jambo la Muungano au la.

Walimu watanijibu kwamba wana vipindi vingi, madarasa yamejaa, na sasa mtu anawataka wawe makarani. Wana haki. Ndiyo maana sidhani kazi hii apewe yule kijana anayejua kompyuta kama fadhila juu ya vipindi vyake vyote. Apunguziwe vipindi, atajwe kwa barua kuwa ndiye mwenye dhamana ya masjala, na awe na naibu. Kituo cha walimu cha wilaya kinaweza kuwakutanisha watu hao wakati wa likizo ya Desemba, kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, wakakubaliana majina ya mafaili yafanane wilaya nzima.

Na kitu kimoja kinaweza kuanza kesho kwa waraka wa ukurasa mmoja. Mwalimu mkuu anapohamishwa hukabidhi: madawati, viti, vitabu, funguo za stoo, mpaka majembe. Kila kitu huhesabiwa na kutiwa sahihi. Akaunti haimo. Uongezwe mstari wa anwani ya barua pepe ya skuli, namba ya laini inayopokea kodi, na mahali ilipo diski ya nje. Anayeingia aifungue akaunti hiyo mbele ya anayeondoka, abadilishe nywila hapo hapo, ndipo wote wawili watie sahihi.